Udhu Usiokaa

Oktoba 3

Kwa masikitiko makubwa, na kwa sauti ileile ya mtangazaji wa vifo redioni, familia ya Massoudi, fundi cherehani wa Bwiza, inawatangazia ndugu, jamaa na marafiki walioko Bujumbura, Rumonge na Uvira kwamba suruali yake ya kijivu ya sikukuu ya Idi haikai tena kiunoni mwa mwenyewe. Ilimwacha ghafla jana asubuhi, barazani kwake kazini, mtaa wa Asiatique, mbele ya wateja, alipoinua mikono kupima mabega ya mtu. Msiba uko nyumbani kwake. Watu wasije na maua, waje na mkanda.

Nimeanza kuandika kwa sababu tajiri wa vitambaa amenipa ajenda, daftari la tarehe. Ni ya mwaka 96, miaka miwili nyuma. Embargo imezuia hata tarehe mpya zisiingie nchini, kwa hiyo Jumamosi ya leo humu ndani inaitwa Alhamisi. Nitasahihisha kwa kalamu, nikikumbuka.

Tangu majirani watufungie mipaka, sishoni tena, napunguza. Viuno vya mji mzima vimepita mikononi mwangu vikienda chini. Kwa nini changu kibaki juu?

Na kuna damu. Niandike tu, maana nikiificha hata humu nitakuwa mjinga wa mwisho. Nikienda choo naona damu. Si nyingi. Honoré wa farmasi amesema ni amibe, wadudu wa tumbo, amenipa vidonge. Bujumbura hii ukiumwa jino watakuambia amibe.

Oktoba 11

Mvua ya kwanza ya maana. Vidonge vimekwisha. Damu haijapata habari.

Oktoba 17

Ua wetu una vyumba vya wapangaji na choo kimoja. Léoncie, anayeuza samaki wadogo wa ndagala sokoni Jabe, ndiye mpangaji wa zamani kuliko wote na anajiona ni mwenye nyumba. Asubuhi nilikuwa ndani, nimekaa, nimemaliza, lakini tumbo linaniambia bado. Nasimama, linaniita. Nakaa, halina la kusema.

"Baba Lubna, uko umo?"

"Niko."

"Bado?"

"Bado."

"Yampayinka! Jana vile vile, juzi vile vile. Umepanga chumba umo? Mi nikulipishe loyer?"

Mke wangu Mwanne akamjibu kutoka jikoni: "Mwache, mama. Ni mzee sasa, mambo yake inaenda polepole."

Mzee! Nina miaka hamsini na kidogo. Nilitoka humo kama waziri anayetoka mkutanoni, sikumsalimu mtu.

Baadaye Mwanne alikuja na mbegu za papai zilizosagwa na asali. Nikameza. Akasubiri nimeze ndipo aseme, maana anajua mtu aliyejaza mdomo hawezi kukimbia.

"Enda kwa dokta."

"Kusema nini?"

"Kusema unatoka damu."

"Mwanne, jana wameteremsha majeruhi wa vita kutoka milimani wamelazwa juu ya camionnette, mmoja juu ya mwingine. Mi niingie foleni hiyo, niseme bonjour dokta, naomba msaada, naenda choo mara mingi?"

"Ndiyo. Useme hivyo hivyo."

Wanawake hawajui aibu ni kitu gani.

Oktoba 29

Zipu zimekwisha mji mzima. Nashona vifungo. Nimechoka mpaka kope.

Novemba 6

Jambo jipya la kuniudhi, na limetokea msikitini.

Mwenye dini anajua: kinachotoka nyuma, kiwe upepo, kiwe damu, kinavunja udhu, na bila udhu hakuna sala. Sasa udhu wangu haukai. Natawadha, naingia safuni, kabla ya rukuu tumbo linageuka, natoka, narudi bombani. Juma zima hili nimekuwa natoka na kuingia kama mtu aliyesahau funguo.

Shakuru, fundi wa magari, anasali kushoto kwangu tangu tukiwa vijana wenye nywele. Leo baada ya adhuhuri amenishika bega kwa mkono wake wa gris.

"Fundi, mi nimekuangalia. Kila sala na udhu wake! Ata kama ule wa kwanza ungali bado. Hii ni kazi ya wacha Mungu wa zamani. Mashallah."

Nilifungua mdomo niseme ukweli. Ukweli ulikuwa: Shakuru, ndugu yangu, ninavuja. 

"Tunajaribu," nikasema.

Tunajaribu! Angalia unafiki.

Novemba 12

Leo nimekwenda kwenye zahanati, ili Mwanne apumzike. Nimekaa benchi. Risasi zikasikika upande wa kaskazini, watu wakatawanyika, mlango ukafungwa. Nimerudi kwa kuzungukia Jabe. Nimejaribu, nani ataninyima haki hiyo? Mwanne amenipa maji na kumshukuru Mungu.

Novemba 20

Sasa sifa imeenea. Muuza mkaa, ambaye hajawahi kunisalimu bila kunidai kitu, leo alisimama nikapita kwanza. Mama mmoja wa mtaa wa pili ameleta chupa ya maji niisomee. Nilimwambia mimi ni fundi cherehani. Akasema, "Na Nabii Idrisa naye alikuwa anashona."  Nikaisomea Fatiha, akaenda zake ameridhika, mimi nikaenda chooni.

Na ubaya ni kwamba mwili wangu nao unashirikiana na hao watu. Mashavu yameingia, shingo imechomoza, macho yamekuwa makubwa. Shakuru anasema nina nuru. Mwanne anasema nina upungufu wa damu.

Desemba 4

Ijumaa. Shehe amenihamisha.

Ameniita mbele ya watu baada ya sala, akasema kuanzia leo nisimame safu ya kwanza, nyuma yake hasa. Asiyejua atafikiri ni heshima tu. Ni heshima, lakini ni kazi pia. Anayesimama pale ndiye akiba ya imamu. Imamu udhu ukimvunjikia katikati ya sala, anarudi nyuma, anamvuta huyo wa nyuma yake kwa mkono, na huyo anaendelea kusalisha. Ndiyo maana wanamchagua mtu ambaye udhu wake hauna wasiwasi.

Katika msikiti mzima, wenye wanaume wazima wenye matumbo yaliyotulia kama magunia ya mchele, wamenichagua mimi.

"Shehe, mi sifai."

"Hayo ndiyo maneno ya anayefaa."

Usiku nilimweleza Mwanne. Alicheka mpaka akakaa chini, akafuta machozi kwa khanga. Kisha akaendelea kufuta, na nikaona si kicheko tena. Nikageukia ukuta. Mtu anaichekesha nyumba nzima, halafu mke anaharibu kwa kulia.

Desemba 9

Damu. Mvua. Vifungo.

Desemba 20

Ramadhani imeingia, alhamdulillahi. Sijawahi kuupokea mwezi kwa furaha hivi, na Mungu anajua sababu. Mwezi huu kila mtu amechoka. Kila mtu amepungua. Kila mtu anakaa chini ghafla na kusema kichwa kinazunguka. Nimekuwa mtu wa kawaida tena.

Hata Léoncie, ambaye ni mtu wa misa, ameacha kugonga mlango wa choo. Anasema anaheshimu mfungo wangu.

Desemba 27

Shehe alikuwa akipokea maswali baada ya alasiri. Nikainua mkono.

"Shehe, kuna mtu."

"Ndiyo."

"Kuna mtu, si wa hapa. Ana shida ya nyuma. Wanamwambia aende kwa dokta. Na dokta, wanasema, anaingiza kidole. Sasa saumu yake inakuwaje?"

 Shehe alifikiri, akasema kwa madhehebu yetu kinachoingia pale kinaifungua saumu, mtu huyo atadaiwa siku hiyo, ailipe baadaye.

Nilirudi nyumbani kwa hatua za ushindi. "Mwanne! Dini imekataza."

"Imekataza nini?"

Nikamweleza. Alikuwa anakanda unga wa sambusa, hakuacha.

"Shehe amesema mutu atalipa siku moja. Sikusikia kama amesema asiende." Akapiga unga. "Mi nitakulipia. Nafunga siku yako na yangu. Enda."

"Haiwezekani mtu kumfungia mwenzake akiwa hai."

"Ah. Akiwa hai. Basi ningoje ufe, ndiyo niweze."

Sambusa zilikuwa nzuri. 

Januari 2

Wametupongeza kwa mwaka mpya wale wenye mwaka mpya. Nimenunua kamba ya katani, naifunga ndani ya suruali. Kwa juu haionekani.

Januari 8

Nitaandika polepole, niyapange yote kama yalivyotokea.

Tarawehe. Umeme umekatika, kandili mbili ukutani. Watu wamejaa kwa sababu ni Ijumaa na kwa sababu siku mbili hizi hakujasikika mlio wa bunduki milimani. Mimi mahali pangu pa akiba, nyuma ya Shehe. Tangu rakaa ya pili tumbo langu lilikuwa limekwishaanza maneno yake. Nilikuwa nimejibana kama mtu anayebeba yai kwa magoti. Nilijiambia: bado kidogo, bado kidogo.

Shehe alikuwa anasoma vizuri, sauti inapanda. Akasita. Akarudia aya. Akasita tena. Kisha nikaona mkono wake unashika pua.

Hivyo ndivyo tulivyofundishwa. Imamu udhu ukimtoka, hashiki tumbo, anashika pua, atoke kama anayetokwa damu puani, watu wasimfedheheshe. Alirudi nyuma hatua moja, pua mkononi, kwa mkono wa pili akanikamata mkono wa kanzu akanivuta mbele. Akapita pembeni, akatoka.

Nikajikuta ndani ya mihrabu. Peke yangu. Nyuma yangu wanaume wote wa mtaa wananingoja niseme neno. Na zile hatua za kufika pale ndizo zilizoimaliza kazi. Nilihisi joto linashuka, nikajua ni nini.

  Nilisimama kiasi cha mtu kuvuta pumzi, mbele ya ukuta. Halafu na mimi nikashika pua. Nikageuka, nikapita mlango uleule.

Mtu mmoja safu ya tatu alicheka, akajifanya anakohoa. Wengine wakakohoa. Msikiti mzima ukashikwa na kifua.

Nje, Shehe alikuwa bombani, amekunja mikono ya kanzu. Aliinua uso.

"We tena?"

"Mi tena, Shehe."

"Mbele kuko nani?"

Tukasikiliza. Ndani ilianza sauti kama injini ya lori inayowashwa asubuhi ya baridi. Ilikuwa ni Shakuru, wamemsukuma, anasoma sura fupi kuliko zote anazozijua.

"Mungu atusamehe," akasema Shehe. "Mi ni maharage ya futari. We ni nini?"

"Damu."

"Ya pua?"

"Si ya pua."

Maji yalikuwa yanamwagika, hakuna aliyekuwa anatawadha. Akafunga bomba.

"Tangu lini?"

"Tangu mvua ya kwanza."

"Na yule mutu wako? 'Kuna mtu, si wa hapa'?"

"Ni wa hapa."

Alikaa kwenye kiti cha simenti. Nilifikiri atanifokea. Akacheka kidogo, kwa pua, akaacha.

"Mwezi mzima nimekuweka nyuma yangu, nawaambia vijana muangalie Massoudi, muangalie uchaji Mungu. Kumbe ni tumbo."

"Mi sikusema ni uchaji Mungu."

"Ulikataa?"

Nikaanza kukamua pindo la kanzu.

"Basi," akasema. "Kesho asubuhi unaenda kwa dokta."

"Baada ya Idi, Shehe. Siku zimebaki chache. Niumalize mwezi."

"Baba, mgonjwa hafungi! Nani alikwambia Mungu anataka damu yako? We unafunga ili usiende, mi nakuona."

Kuonwa namna hiyo, bombani, na kanzu imelowa, hakupendezi. Nilisema inshallah, ile inshallah ya watu wa mji huu. Naye akaijua. Akasema mpaka siku hiyo nisisimame nyuma yake.

Januari 13

Sikwenda. Mwanne haulizi tena. Anapika, anafua, ananipa maji, haulizi. Alipokuwa anauliza nilimchoka. Sasa nimechoka zaidi.

Januari 19

Idi. Suruali ya kijivu imevaliwa kwa kamba. Binti yetu Lubna ametuma salamu kutoka Uvira, na picha. Nami nimepigwa picha ya kumjibu. Mpiga picha aliniambia nijaze mashavu upepo.

Januari 23

Redio imesema embargo imeondolewa. Mtaa mzima ulipiga kelele. Léoncie alimkumbatia Mwanne, akanikumbatia na mimi, kisha akaniachia haraka. Alinitazama pale mikono yake ilipokuwa, kwenye mbavu zangu. Hakufanya utani wowote. Mwanamke huyu amenitania kila siku kwa miaka, leo ndiyo siku ya kuacha?

Januari 25

Barazani wateja wanapanga foleni. "Fundi, achia nafasi, tunaenda kunenepa!" Sukari bado haijafika, mafuta bado yanauzwa kwa chupa, lakini watu wanataka suruali za watu wanene. Nimefumua mishono niliyoishona mwenyewe mwaka juzi. Wanacheka, wanapigana vibao vya tumbo.

Jioni walipoondoka nilijipitishia mita kiunoni. Sitaandika namba. Nilikuwa nimejiambia ni embargo, nikajiambia ni mfungo. Idi imepita na mipaka imefunguliwa. Mita bado iko mkononi mwangu.

Januari 26

Nimekwenda. Mwanne alikuja nami, akakaa benchi karibu na mlango, na sikuuliza kwa nini amechagua kukaa upande ule wa kutokea.

Dokta ni Dorothée. Alipokuwa shule nilimshonea uniforme, mwaka hadi mwaka, nikiacha pindo kubwa chini kwa sababu alikuwa anarefuka kama mahindi. Aliniuliza maswali yote. Damu, tangu lini. Choo kimebadilika. Ile hali ya kumaliza bila kumaliza. Kukonda. Kuchoka. Kila nilipojibu, aliandika bila kuniangalia, na hilo lilinisaidia. Kisha akavaa glavu.

"Lala kwa ubavu, magoti juu."

"Dokta, kuna njia ingine?"

"Fundi, nilikuwa na miaka kumi na tatu. Ulinizungushia mita kifuani, mi nikaanza kulia. Unakumbuka ulisema nini?"

Nilikumbuka.

"Ulisema: simama muzuri, mtoto, hapa ni kazi tu, aibu muache mlangoni. Haya. Geukia ukuta."

Nikageukia ukuta. Kulikuwa na kalenda, ya mwaka huu, imeingia kwa njia anayoijua Mungu. Jambo lenyewe lilichukua muda mfupi kuliko kutunga uzi kwenye sindano. Miezi yote hii, kwa ajili ya kitu kifupi vile!

Alivua glavu. Aliniambia kuna uvimbe, ameugusa. Si amibe, wala si bawasiri. Inabidi hospitali kubwa wakate kipande wakipime, lakini hatanidanganya, anafikiri ni kanseri. Akasema neno hilo kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesema kola au pindo.

Kisha ndiyo akaniangalia.

"Kwa nini hukuja mapema?"

Nikafungua mdomo nimwambie habari za risasi. Mwanne alikuwa ameingia, amesimama nyuma yangu. Nikaufunga.

Februari 3

Kipande kimejibu. Ni yenyewe.

Februari 11

Kesho wananipasua. Mwanne amekunja kanzu yangu mara tatu, anaikunjua, anaikunja. Nikamwambia pindo litachoka. Akanirushia.

Machi 30

Mvua kubwa zimerudi, na mimi nimerudi barazani, nusu siku. Ajenda hii inakaribia kwisha kwa sababu Léoncie alichana karatasi tupu zilizobaki kufungia ndagala nilipokuwa hospitalini. Basi niseme mambo yalivyokuwa kweli, nafasi ikiwapo.

Damu haikuanza na mvua. Ilianza kiangazi, vumbi lingali juu ya mapaa, miezi kadhaa kabla sijapewa ajenda. Niliandika "kuna damu" kama ni habari ya wiki ile. Nilimwambia Shehe mvua, nikamwambia Dorothée mvua. Yeye nimemsahihishia baadaye, akiwa ananibadilisha bandeji, na alisema tu, "Nilijua, Fundi. Uvimbe ule haukuwa wa mvua moja."

Na Novemba 12 hapakuwa na risasi.

Siku ile palikuwa kimya, jua zuri. Nilikaa benchi, mbele yangu watu wawili. Mlango ukafunguka, akatoka Dorothée mwenyewe kuita mgonjwa, na mimi nikamwona yule mtoto wa shule niliyemshonea uniforme, nikajiona nimelala ubavu mbele yake. Nikachukua kofia yangu nikaondoka. Nilizunguka Jabe mpaka muda ukapita, nikaja nyumbani na hadithi ya risasi. Mwanne akanipa maji. Alifikiri nimeponea chupuchupu. Vita hii imechukua watu wa mtaa wetu wengi ninaowajua kwa vipimo vya mabega, na mimi niliifanya mwavuli wa kujificha kidole cha dokta.

Na kule kuonwa mcha Mungu, kulikuwa kutamu. Hilo nalo liandikwe. Muuza mkaa kusimama nikapita kwanza, nani hapendi?

Wamekata. Wamesema ini linaonekana safi, kwa kadiri mashine yao inavyoona. Kwa kuwa uvimbe ulikuwa chini sana na umekua, wameifunga njia ya nyuma kabisa, wamefungua nyingine hapa tumboni, upande wa kushoto, yenye mfuko. Nilimuuliza Dorothée, ningekuja kiangazi? Alisema pengine wangeiacha njia yangu. Pengine.  Mifuko ya dukani ni shida kupatikana, kwa hiyo nashona mwenyewe, plastiki ndani, pamba nje, mkanda wa vifungo. Wa kwanza ulivuja. Wa nne ni kazi safi, ningeweza kuuonyesha kwa wateja kama si mambo yenyewe.

Nilimuuliza Shehe habari ya udhu. Akasema mtu wa hali yangu, ambaye hawezi kuzuia kinachotoka, anatawadha upya kila wakati wa sala unapoingia, anasali, Mungu anampokea hivyo hivyo. Kila sala na udhu wake. Tulitazamana. Yeye ndiye aliyecheka kwanza.

Ijumaa iliyopita niliomba neno baada ya sala. Nikawaambia wanaume wote: ule haukuwa uchaji Mungu, ilikuwa kanseri ya matumbo, na usiku ule wa mihrabu nilishika pua lakini shida haikuwa puani. Walicheka, wakacheka mpaka kuegemeana. Niliwaacha wacheke, nikaona ni haki yao. Nikawaambia dalili zote kama Dorothée alivyoniuliza. Hapo hawakucheka. Mtu mmoja hakuwa amecheka tangu mwanzo, alikuwa akiangalia mkeka.

Leo adhuhuri nimesali nimekaa kwenye kiti, nyuma. Ukiwa nyuma unaona kila kitu. Shakuru alitoka rakaa ya kwanza. Akarudi. Akatoka tena.

Nilipotoa salamu nikamfuata bombani. Alikuwa ameinama, maji yanapita mikononi mwake, gris haitoki.

"Udhu umenitoka tu," akasema, sijamuuliza.

"Mara mbili?"

"Ni amibe. Honoré amenipa komprime."

Nilimtazama kiunoni. Mkanda wake ulikuwa na tundu jipya, limetobolewa kwa msumari, na kabla yake tundu lingine lililochakaa, nalo la msumari. Mtu huyu sikuwa nimempunguzia suruali hata mara moja. Alikuwa anajipunguzia gerejini, peke yake.

"Tangu lini, Shakuru?"

"Kidogo tu. Tangu Ramadhani." Akaangalia kando. "Labda mbele ya Ramadhani."

"Zahanati iko wazi."

"Kesho, Fundi. Leo kuko gari ya watu, nimelaza injini chini. Na tena wanasema barabara ile kuko risasi."

Tulisikiliza wote wawili. Ilikuwa mvua tu, juu ya bati.

Viatu vyake vilikuwa mlangoni, pembeni ya vyangu. Nikaenda kuvichukua, nikaviweka mbele ya miguu yake.

"Vaa," nikasema.